Mama alitaka kulivuka kwa miguu

Mama yangu ana miaka 72 na magoti yake yameshachoka. Kwa hiyo aliponipigia simu kutoka Busisi akasema, "Njoo Jumamosi tuvuke daraja, ila sitaki gari, nataka kwa miguu," nilimuuliza mara mbili kama nimesikia vizuri. Daraja lenyewe tu, hili la kutoka Busisi hadi Kigongo juu ya ghuba ya Ziwa Victoria, ni kilomita 3, hapo hujaweka barabara za kuliingilia huku na huku.

"Nimeshapita na hiace mara mbili," akaniambia. "Unakaa, unasikia upepo kidogo, mara wanasema Kigongo, shukeni. Sijaona kitu. Miaka yote ile nimeyatazama yale maji, leo nivushwe kama gunia?"

Basi nikaenda. Naishi Buhongwa, nikadandia gari la Sengerema alfajiri, pale Usagara tukaiacha barabara ya Shinyanga tukakata kulia, na kabla jua halijawa kali nilikuwa nimekaa kwenye kigoda cha mama nakunywa uji. Alikuwa ameshavaa raba. Raba nyeupe, mpya, alizonunua mnadani kwa ajili ya siku hiyo. Sijawahi kumwona mama na raba maishani mwangu.

Kwa wasionifahamu, mimi ni fundi sanifu wa ujenzi, na kazi yangu ni kukagua madaraja na makalvati, yale mabomba ya kupitishia maji chini ya barabara. Watu wakisikia hivyo wanadhani natembea juu ya daraja nimevaa kofia ngumu na kushika makaratasi. Muda mwingi niko chini. Nashuka mtoni na buti za mpira, tochi, chaki na nyundo ndogo, naingia uvunguni mwa daraja pamoja na popo na viota vya mbayuwayu. Nyundo ndiyo inayonipa kula. Unagonga zege, unasikiliza. Zege zima linajibu kwa sauti kavu, fupi, na pigo linarudi mkononi. Zege lililoachana na nondo zake linajibu kama mtungi mtupu. Ukiisikia sauti hiyo unazungushia chaki, unaandika tarehe, unapiga picha, unagonga tena pembeni kujua ugonjwa umefika wapi. Chanzo mara nyingi ni kidogo mno: ufa mwembamba kama unywele, maji yakapenya, yakaifikia nondo, nondo ikaota kutu. Kutu inakula nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, kwa hiyo inalisukuma zege kutoka ndani mpaka linabanduka. Juu magari yanaendelea kupita, na dereva hajui lolote.

Ndiyo maana nikisimama juu ya daraja lolote naona barabara tu kama barabara nyingine. Daraja lenyewe kwangu liko chini.

Daraja la kwanza nililolijua mimi lilikuwa gogo. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na kijito kinachoshuka kwenda ziwani, kiangazi kimekauka, masika hakivukiki, na wazee walikilalia mti mmoja mkubwa. Kiswahili kinaliita daraja la namna hiyo ulalo, na nalipenda neno hilo kuliko yote ya kazi yangu, kwa sababu linakuonyesha kitu chenyewe: mti umelala, wewe unapita juu yake. Mama alinifundisha kuvuka ulalo nikiwa na ndoo kichwani. "Usitazame maji, tazama unakokwenda." Leo kazi yangu yote ni kutazama maji.

Tulipofika mwanzo wa daraja upande wa Busisi, mama hakupanda moja kwa moja. Alisimama, akageuka kutazama kule lilikokuwa gati la pantoni. Pale ndipo alipotulea. Alikuwa akiuza sato wa kukaanga kwenye foleni ya magari, beseni kichwani, pilipili na ndimu kwenye kimfuko cha nailoni. Foleni ya Busisi ilikuwa soko kamili. Matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, karanga, mayai ya kuchemsha, miwa iliyokatwa vipande, maji ya kunywa, vitenge, hata viatu. Abiria wa Geita, Chato na Bukoba waliokaa saa mbili, siku mbaya saa nne, walikuwa na njaa na hawakuwa na pa kwenda. Nimesoma shule kwa foleni ile. Ada yangu ya chuo ilitoka kwenye subira za watu wengine, na hilo nalisema nikijua uzito wake, maana kwenye foleni hiyohiyo walikuwapo wagonjwa waliokuwa wakipelekwa Mwanza.

Mmoja wao alikuwa mama mdogo wangu. Ilikuwa mwaka 1997, wakati gugumaji lilipokuwa limelitawala ziwa. Asiyeliona mwaka ule hawezi kuamini. Ghuba nzima ilikuwa kijani, ukidhani ni shamba, unaweza kuapa kwamba ng'ombe angeingia kuchunga. Upepo ukigeuka, zulia lote linasogea na kujazana gatini, na pantoni haiwezi kufika mpaka upepo uamue tena. Mama mdogo alikuwa na uchungu tangu usiku, amelazwa nyuma ya pikapu, na ng'ambo tunaiona kabisa, mabati ya Kigongo yanang'aa. Wanawake wa foleni waliacha mabeseni yao, wakaizungushia ile pikapu kanga, wakazishika kwa mikono kama kuta. Nilikuwa na miaka 16, nilishika pembe moja. Mtoto akazaliwa mzima, wakamwita Safari. Sasa ni kijana wa bodaboda kule Nyehunge. Lakini nimekuwa mtu mzima nikijua kwamba pembe ile ya kanga ingeweza kuwa inafunika kitu kingine.

Mwaka mmoja kabla, tarehe 21 Mei 1996, ilikuwa imezama MV Bukoba, meli ikiwa karibu kufika Mwanza. Tangu siku hiyo mama hakuvuka maji, hata kwa pantoni, bila dumu tupu la lita 5 lenye mfuniko wa kukaza. Alilibeba kama wengine wanavyobeba mkoba. Hakulizungumzia kamwe, na sisi watoto hatukuuliza. Sasa tukiwa tunaanza kupanda daraja nikamuuliza dumu liko wapi. "Lina mafuta ya kula," akasema.

Tukaanza kutembea. Njia ya waenda kwa miguu ina upana wa kutosha watu watatu kwenda sambamba bila kupishana mabega, na kuna njia kama hiyo upande wa pili pia. Katikati magari yana njia mbili za kwenda na mbili za kurudi. Ukijumlisha yote upana ni mita 28.45. Mama alishika ukingo kwa mkono wa kulia, akanishika mimi kwa mkono wa kushoto, na kwa dakika kumi za kwanza hakusema kitu. Upepo wa asubuhi ulikuwa unatoka nchi kavu. Chini mitumbwi miwili ilikuwa inarudi na dagaa wa usiku, taa zao bado zimening'inia.

Baadaye akauliza, "Hizi chuma zenye meno ni za nini? Nimeziona hata nikiwa kwenye gari, zinagonga du-du."

Nilifurahi kwa swali hilo kuliko ninavyoweza kuandika. Ule mwanya wa chuma unaokatiza barabara ndio pumzi ya daraja. Zege hutanuka likipata joto. Si kwa kiasi cha kuona kwa macho, kila mita moja inaongezeka sehemu moja tu ya kumi ya milimita kwa nyuzi 10 za joto. Lakini zidisha kwa kilomita 3: joto likipanda nyuzi 10, zege lote hili linataka kurefuka kama sentimita 30. Urefu wa rula ya shule. Likiunganishwa lote kuwa kipande kimoja na kubanwa ncha zote mbili, litajipasua lenyewe bila kungoja gari. Kwa hiyo linakatwa vipande, kila kipande kinaachiwa nafasi ya kunyooka mchana na kujikunja usiku, na chini yake, juu ya nguzo, kinakalia matandiko yanayokiruhusu kusogea. Mama alisimama juu ya meno yale, akakanyaga huku na huku.

"Kwa hiyo sasa hivi linarefuka?"

"Ndiyo mama. Jua likizidi litazidi."

"Na usiku linarudi."

"Linarudi."

Akatikisa kichwa. "Mhola," akasema, kwa Kisukuma, neno lile la kuitikia kwamba ni salama.

Wakati mwingine watu wananiuliza historia ya madaraja ya nchi hii, wakitarajia orodha ya wazinduzi na tarehe. Ninachoona mimi nikipita Kanda ya Ziwa ni kwamba kila daraja limesimama mahali ambapo maji yaliwahi kuwatenda watu jambo. Nenda Kyaka, kwenye mto Kagera. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia, tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba nchi yote iliyo kaskazini ya mto ni yake, na tarehe 3 daraja la Kyaka likalipuliwa. Baba mdogo wangu alikuwa mgambo aliyepelekwa huko. Alituhadithia kwamba alipofika ukingoni aliona vipande vya daraja vimelala majini, watu wamebaki ng'ambo, na akaelewa kwa mara ya kwanza kwamba mto ni ukuta. Jeshi letu lilirudi ng'ambo kwa madaraja ya muda, yakiwamo yale ya Bailey, ya fremu za chuma zinazobebwa kwa mikono na kuunganishwa kwa pini kama kitanda. Baba mdogo alibaki na kovu la kidole kutokana na pini moja. Alikuwa akilionyesha kwa fahari kuliko medali.

Panda mto huohuo mpaka Rusumo, mpakani na Rwanda. Pale palikuwa na daraja jembamba, njia moja, juu ya maporomoko. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walipita juu yake kuingia Tanzania wakikimbia Rwanda, mwaka ule wa mauaji ya kimbari. Robo milioni, kwa njia moja. Na wasiopita juu walipita chini. Mto ulileta miili mpaka ziwani. Kagera inamwaga maji yake upande wa Uganda, mbali kabisa na Busisi, lakini nani angemweleza mteja hivyo? Wiki nyingi mama alirudi nyumbani na beseni limejaa. Tulikula sato mpaka tukamchukia, huku watu wazima wenyewe hawamgusi. Nilikuwa na miaka 13 na sikuelewa kwa nini mama analia juu ya samaki. Mwaka 2016 Rais Magufuli na Rais Kagame walizindua daraja jipya pale, la mita 80, lenye njia mbili, kwa msaada wa Wajapani. Nimesimama juu yake mara moja. Sikugonga chochote siku hiyo, nilisimama tu.

Hizo ndizo tarehe ninazozibeba. Za huko mbali nazo nazijua kwa sababu ya shule. Mwaka 2003, nikiwa chuoni, mwalimu wetu alitupeleka Rufiji kuona Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwezi Agosti mwaka huo, mita 970. Kabla yake watu wa Lindi na Mtwara walitegemea kivuko cha Ndundu, na mvua zikikaza kusini yote inakatika. Tulilitazama kwa mshangao, tukasema hakuna tena kitakachozidi hapa. Kisha ikaja Daraja la Umoja juu ya Ruvuma mwaka 2010, mita 720, la kutuunganisha na Msumbiji. Kigamboni mwaka 2016, mita 680. Tanzanite kule Dar mwaka 2022, lililopita kilomita moja kidogo. Na tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia akalifungua hili la kwetu, mara tatu ya lile lililotuacha midomo wazi, refu kuliko yote Afrika Mashariki na Kati, limejengwa kwa fedha za serikali yetu, zaidi ya shilingi bilioni 700. Rasmi ni Daraja la J.P. Magufuli. Yeye aliliwekea jiwe la msingi Desemba 2019 na akafariki Machi 2021 kabla halijasimama. Kuna mantiki katika jina hilo, kwa mtu wa Chato aliyevuka hapa maisha yake yote. Lakini mama na wenzake wanasema daraja la Busisi, na watu wa Misungwi wanasema la Kigongo, na mimi nafurahi majina hayo ya mahali hayajafa.

Tulipokaribia katikati, minara ilikuwa imeanza kukua. Ni mitatu, na nyaya za rangi zimetandazwa kila upande kama mbavu. Mama aliwahi kwenda Dar kwa harusi, na alivuka Kigamboni. Akauliza mbona hii ya kwetu ni mifupi, kule ilikwenda juu zaidi, wamebana fedha?

Hawakubana. Ni aina nyingine ya daraja. Kigamboni nyaya ndizo zinazobeba: mnara ni mrefu, nyaya zinashuka kwa mwinamo mkali, na sakafu ya daraja inaweza kuwa nyembamba kwa sababu imening'inizwa. Hapa wahandisi wamechagua aina wanayoiita ekstradozi. Jina lilitungwa na mhandisi Mfaransa, Jacques Mathivat, mwaka 1988, na la kwanza duniani lilijengwa Odawara, Japani, likamalizika mwaka 1994. Mnara mfupi, nyaya zimelala, na mhimili wenyewe ni mnene, una nguvu zake. Nyaya haziuning'inizi, zinaubana.

Mama alinitazama kama ninavyotazamwa na wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Nikakumbuka sabuni. Pale nyumbani anauza sabuni ya mche kwa vipande, anaikata kwa waya.

"Chukua vipande sita vya sabuni, mama, vipange mezani kwa mstari. Ukishika cha mwanzo na kuinua, vingine vinabaki. Lakini ukivibana kwa viganja viwili, huku na huku, kwa nguvu, unaviinua vyote kama mche mmoja. Hakuna gundi. Ni kule kubana tu."

"Na nikilegeza?"

"Vinaanguka."

"Kwa hiyo hizi waya ni viganja."

Ndivyo hasa. Zege ni kama sabuni ile: ukilibana linavumilia mzigo wa ajabu, ukilivuta linapasuka. Kwa hiyo unalibana mapema, kabla mzigo haujafika, na gari linapopita linakuta zege limeshakazwa. Ndani ya mhimili kuna nyaya nyingine za chuma zisizoonekana zinazofanya kazi hiyohiyo. Hizi za nje zimetolewa juu ya sakafu ili zipate nguvu zaidi ya kubana. Kwa njia hiyo kati ya mnara na mnara wamepata nafasi pana bila nguzo, ndipo chombo cha majini kinapopita. Sehemu nyingine zote za daraja hazihitaji ufahari huo, nguzo zimesimama karibu karibu, na ghuba hapa si ya kina kirefu. Kazi kubwa haikuwa maji, ilikuwa tope lililo chini ya maji. Mapipa ya chuma yalishindiliwa, tope likachimbwa ndani yake, nondo zikashushwa kama mizinga mirefu, na zege likamwagwa kutoka chini kwenda juu, likiyasukuma maji yatoke. Ukishafika hapo ndipo unaweka kitako, na juu ya kitako nguzo. Anayepiga picha ya minara amepiga picha ya kofia.

Na kuna jambo moja ambalo naliwaza kila nikiliona daraja hili. Mwaka 2020, ujenzi ukiwa ndio kwanza umeanza, ziwa lilipanda. Mwezi Mei lilipita hata alama ya mwaka 1964, ambayo wazee walikuwa wakiisimulia kama gharika, miaka ambayo ziwa lilijaa zaidi ya mita mbili na likakaa juu kwa miaka mingi. Nyumba za mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, ziliingia maji, miti ilikufa imesimama. Kwa wakazi ilikuwa hasara. Kwa mtu wa madaraja ilikuwa kama ziwa kuja lenyewe kazini na kuonyesha kwa kidole: ninafika hapa. Miguu ya nguzo imevaa alama hizo. Mitumbwi ikipita, utaona mstari mweusi wa maji, na juu yake zege jeupe, na nafasi kubwa ya kupumua. Niliitazama nafasi ile nikatulia moyo.

Sikutulia kwa kila kitu. Hatua chache mbele ya mnara wa pili nilikuta tundu la kutolea maji limezibwa. Mchanga, ganda la chungwa, kifuniko cha chupa, na mfuko wa nailoni umejikunja juu kama kizibo. Abiria anarusha dirishani, upepo unakusanya, mvua inabana. Tundu lenyewe ni dogo, mkono wa mtoto unaenea. Likiziba, maji ya mvua yanasimama juu ya sakafu, yanatafuta ufa, na hapo nimeshaeleza kinachofuata. Madaraja niliyoyaona yakizeeka kabla ya wakati hayakuuawa na malori, yalianza kuugua kwenye tundu kama lile. Nikapiga goti, nikachokonoa kwa kalamu, nikatoa uchafu wote nikautia mfukoni mwa koti. Mama akaniuliza kama ndiyo kazi yangu. Nikamwambia leo si zamu yangu. Akainama naye, kwa yale magoti, akaokota kifuniko cha chupa nilichokisahau.

Tukapumzika hapo, tumeegemea ukingo. Mbele yetu ghuba ilikuwa wazi mpaka macho yanaposhindwa, maji ya rangi ya chai ya rangi karibu na ufukwe na buluu kule katikati. Mama alikuwa anahesabu kimya kimya kwa vidole. Nilidhani anahesabu nguzo. Alikuwa anawahesabu wenzake wa foleni. Huyu amehamia stendi ya Sengerema, analipa kodi ya meza na wateja ni wachache. Huyu amejaribu pale barabara inapoanza, lakini mabasi hayasimami, yanapita na mwendo wao. Wawili wamerudi kulima. Mmoja, aliyekuwa akiuza matobolwa, anakaa tu. Na huyu amefariki. Mama mwenyewe aliacha biashara kabla ya daraja kwa sababu ya miguu, vinginevyo angekuwa mmoja wao.

"Usinielewe vibaya," akasema. "Hata wao wanalipenda. Mtoto akiumwa usiku si unakwenda tu? Lakini hakuna aliyewaambia samahani."

Nimelibeba neno hilo tangu Jumamosi. Kwa maoni yangu kila daraja linalokuja kuchukua nafasi ya kivuko lingechorwa pamoja na kituo cha magari na soko dogo kwenye ncha zake, kwenye karatasi ileile ya michoro, kama tunavyochora taa na matundu ya maji. Kivuko ni mji. Kina wapika uji, wachoma mahindi, vijana wa kubeba mizigo, mafundi wa pancha. Sisi wa ujenzi tunajua kukokotoa uzito wa lori juu ya mhimili mpaka kilo ya mwisho, na hatuna hesabu ya beseni la sato. Ipo kazi ya kufanya hapo, na haijachelewa: Kigongo na Busisi zote mbili zina nafasi, abiria bado wana njaa, na mandhari ile mtu yeyote angependa kusimama aitazame huku anakula.

Jua lilikuwa limeshaanza kuuma. Nikamwambia mama tukifika Kigongo tutarudi kwa hiace, hakuna ubishi. Akakubali, kisha akanyoosha mkono.

"Nipe hiyo nyundo yako."

Huwa natembea nayo kwenye mkoba hata siku zisizo za kazi, naye anajua. Nikampa. Akaishika kama anavyoshika mwiko, akaangalia huku na huku kama kuna mtu, akagonga ukingo wa zege mara moja, taratibu. Akainamisha sikio. Akasogea hatua mbili, akagonga tena, safari hii kwa nguvu kidogo. Sauti ilikuwa kavu, fupi.

"Kumejaa," akasema, akanirudishia nyundo yangu, na tukaendelea na safari.